Je, wajua kwa nini stauti ya pipani hainywewi baridi?

Baa nyingi za Dar es Salaam mhudumu huuliza kabla ya kufungua chupa: ya baridi au ya moto? Ya moto, kwa lugha ya baa, ni ile iliyotoka moja kwa moja kwenye kreti bila kupita kwenye friji. Kwa bia nyepesi za kila siku wengi hutaka baridi, tena ya kuumiza meno, na hawakosei. Stauti iliyolazwa kwenye pipa la wiski haitaki baridi hiyo, wala haitaki moto wa kreti. Inataka nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, na sababu imo kwenye mbao.

Stauti ni bia nyeusi inayopata rangi na uchungu wake kwenye nafaka iliyokaangwa mpaka ikafanana na buni. Anayeijua Guinness anaujua ukoo huu. Ya pipani ni ndugu mnene zaidi: kilevi chake mara nyingi ni asilimia 12 hadi 15, sukari nyingi imebaki bila kuchachuka, na inamiminika kizito kama oili chakavu. Inayotajwa kila mara kuwa ndiyo iliyofungua njia ni Bourbon County Stout ya kiwanda cha Goose Island, Chicago. Huko, katika miaka ya 1990, Greg Hall aliyekuwa msimamizi wa upishi wa bia alijaza stauti nzito kwenye mapipa sita yaliyotoka kwa watengenezaji wa wiski ya Jim Beam.

Mapipa ya namna hiyo hayaadimiki Marekani, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inataka wiski ya Bourbon ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Likishatumika mara moja, pipa hilo la lita 200 hivi halifai tena kwa Bourbon mpya, basi huuzwa. Mengi huenda Scotland, mengine kwa wapika bia.

Chukua ubao mmoja wa pipa hilo, ukate, utazame ubavuni. Upande wa ndani kuna mkaa wa milimita chache, umepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Chini ya mkaa kuna mstari wa rangi ya kahawia nyekundu, pale ambapo moto ulipika sukari za mti bila kuziunguza. Wiski iliupita mkaa huo ikazama mpaka kwenye mbao, na lita kadhaa hubaki humo hata baada ya pipa kumwagwa. Bia ikiingia, kila joto linapopanda inasukumwa ndani ya mbao, na linaposhuka inarudi na ilichokuta. Baada ya miezi 8 hadi 12 imechota ladha, na kilevi chake kimeongezeka.

Inachochota kina majina. Moto huvunja lignini, yaani kile kinachoupa mti ugumu wake, ikatoka vanilini, ileile inayonukia kwenye ganda la vanila. Mwaloni mweupe wa Marekani una laktoni zinazonukia nazi. Pia kuna yujenoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya karafuu. Kwa hiyo bia inaweza kunukia nazi, vanila na karafuu ilhali hakuna aliyetia hata kimoja. Pua iliyokulia Unguja au Tanga haihitaji kufundishwa harufu hizi.

Sasa turudi kwenye baridi. Harufu ni chembe zinazoruka kutoka kwenye kinywaji, na kwenye nyuzi 4 zinazoruka ni chache mno. Ulimi nao ukipoa hausikii utamu vizuri. Kinachobaki ni gesi, uchungu wa nafaka iliyoungua na ukali wa kilevi, yaani umelipia pipa ukanywa masizi. Kosa la upande wa pili si dogo: ikipita nyuzi 18 kilevi ndicho kinachoruka kwanza, kinachoma pua na kufunika mengine yote. Chumba cha Dar chenye nyuzi 30 hakiifai hata kidogo, iwe kwa kunywa au kwa kuhifadhi.

Siku moja kabla, simamisha chupa wima kwenye friji ili masimbi yatue. Siku ya kunywa, itoe na uiache mezani dakika 20 kama mji ni wa joto, 40 kama uko Arusha au Nairobi. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, kama ile ya brandi. Ioshe vizuri, uisuuze mpaka sabuni iishe kabisa, kwa sababu mafuta na sabuni huua povu. Mimina mililita 100 tu. Povu likiwa kidogo na likatoweka upesi, usilaumu: kilevi kingi hakilipendi povu.

Nusa kifupi, mara mbili tatu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Ukivuta pumzi ndefu kilevi kitaifanya pua ganzi. Kunywa funda dogo, lizungushe ulimini, meza, kisha toa pumzi puani. Hapo ndipo pipa linaposikika hasa. Rudia baada ya dakika kumi, kinywaji kikiwa kimepata joto kidogo, ulinganishe: mara nyingi kahawa na chokoleti chungu hutangulia, nazi na vanila zikafuata. Korosho za kukaanga zinakwenda nayo vizuri kuliko keki, maana sukari juu ya sukari huchosha mdomo.

Kasoro nazo zina harufu zake. Ukisikia boksi lililolowa au sosi ya soya, hewa imeingia kupita kiasi au bia imezeeka. Siki ni kazi ya bakteria waliopata hewa, na harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha huja kwa njia hiyohiyo, au hutokana na uchachukaji uliokwenda kombo. Ukakasi unaokausha ulimi kama bibo bichi ni tanini, dalili kwamba bia imekaa pipani mno. Kilevi kingi si kinga: baadhi ya chupa za Bourbon County za mwaka 2015 ziligeuka chachu kwa sababu ya bakteria anayevumilia kilevi, Lactobacillus acetotolerans. Kiwanda kikarudisha fedha za wanunuzi, na kuanzia toleo la 2016 kikaanza kuipasha bia moto kwa muda mfupi, bila kuichemsha, kabla ya kuijaza chupani.

Jambo la hesabu: chupa ya mililita 500 yenye asilimia 14 ina mililita 70 za kilevi halisi, karibu sawa na chupa tatu za ujazo huo za bia ya asilimia 5. Ni chupa ya watu wanne, na asiwemo dereva.

Glasi ikiisha usiioshe mara moja. Iache robo saa, kilevi kipae, kisha uinuse tena ikiwa tupu: hapo mbao iliyoungua na vanila husikika waziwazi kuliko wakati wote wa kunywa.