Koili ya Tesla ya nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

Nenda Unga Limited, hapa Arusha, kutafuta waya wa kuwaindi mota, halafu useme huna mota, unajenga koili ya Tesla: kifaa kinachopandisha volti hadi umeme unaruka hewani kuwa cheche. Ushauri utaupata kabla ya chenji. Mwingi nimeupokea mwenyewe, na mwingine umenila waya.

"Ongeza raundi, volti zitapanda." Kwa transfoma ya kawaida yenye chuma katikati, sawa. Koili aliyoibuni Nikola Tesla mwaka 1891 haina chuma: ni koili mbili, ya chini yenye mizunguko michache inayolishwa umeme, na ya juu ndefu inayotoa cheche; ndani ya bomba ni hewa tupu. Umewahi kusukuma Noah iliyonasa kwenye tope la Aprili? Kila mtu akisukuma kwa wakati wake, mnachafuka bure. Iacheni irudi nyuma, isukumeni pale pale inapoanza kuja mbele, mara ya nne au ya tano imetoka. Ndivyo koili ya chini na ya juu zinavyopaswa kwenda: masafa mamoja, yaani umeme utikisike mara zile zile kwa sekunde. Yangu ya juu ina mizunguko kama 1,000 ya waya wa milimita 0.4 kwenye bomba la PVC la milimita 110, yaani karibu mita 345 za waya. Nikiiwekea donati ya alumini kichwani, masafa yake ni kama kilohezi 260. Nikizidisha mizunguko 200 bila kugusa ya chini, masafa ya juu yanashuka, zinapishana, na cheche inafupika.

"Jaza waya juu ya waya, kama bobini ya cherehani." Hapa ndipo nilipoliwa. Ukirudisha safu ya pili juu ya ya kwanza, mwisho wa waya unakuja kulala juu ya mwanzo wake, mahali penye tofauti kubwa kabisa ya volti, na katikati pana vanishi nyembamba tu. Niliwasha, ikalia "ta!", harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa chumba. Kidoa cheusi kisichozidi kichwa cha kiberiti, na koili nzima ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Safu ni moja, waya ukigusana na mwenzake bila kupanda juu. Kidole gumba kinabana, mkono wa pili unazungusha bomba, na kila mizunguko 50 unabandika selotepu. Ukipiga chafya kwenye wa 700 bila selotepu, pole.

"Cheche haina madhara, inapita juu ya ngozi." Masafa hayo mishipa ya fahamu haiyahisi vizuri, ndiyo maana mtu hasikii shoti. Lakini mwili si shaba: mkondo unapenya ndani na kuunguza nyama kimyakimya. Na wakati wote mnaishangaa cheche, muuaji yuko chini, kwenye transfoma inayolisha koili, hana hata mwanga. Transfoma ya maikrowevu kuukuu, ambayo vijana wanaipenda kwa sababu ni rahisi, inatoa kama volti 2,000 zenye mkondo wa kusimamisha moyo. Mimi siiweki kwenye meza yangu.

"Umeme umekatika, sasa shika tu." Kapasita, kihifadhi chaji cha koili ya chini, haijui kwamba umeme umekatika. Inabaki na chaji yake, na umeme unaweza kurudi mkono wako ukiwa ndani. Chomoa plagi kwanza, kisha unganisha ncha mbili za kapasita kwa waya uliofungwa kwenye fimbo ndefu ya plastiki.

"Inatoa umeme wa bure, si unaona tyubu laiti inawaka bila waya?" Inawaka kwa umeme wa luku yako.

Na wale wanaopima cheche kwa rula: "Sentimita moja ni volti 30,000, yako ya sentimita 30 ni laki tisa!" Kipimo hicho ni cha hewa ya usawa wa bahari, kati ya vyuma vilivyo bapa. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, inapasuka kwa volti pungufu. Tena cheche ndefu hairuki mara moja: kila pigo linafuata njia iliyopashwa moto na lililotangulia na kuirefusha. Laki tisa sijawahi kuzifikia hata robo.