Mkono wa Ufundi Hautoshi: Wanayoniambia Wazazi Kuhusu Uhandisi Mitambo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipoi. Mara mjomba wa fulani, mara mama wa mtaa wa pili, mara mwalimu tuliyesoma naye. Kila mmoja ana kijana, na wote wana maneno yaleyale: "Injinia, huyu mtoto kazaliwa na spana mkononi. Feni kaifungua, kaifunga, inazunguka. Hesabu ndiyo zinamsumbua kidogo, lakini huko chuoni si ni vitendo?"

Hapana, si vitendo. Naandika ili akipiga mwingine nimtumie hii.

Dhana kwamba uhandisi mitambo ni gereji yenye shahada ndiyo inayowapeleka vijana chuoni wakidhani watashika injini wiki ya kwanza. Wanakuta kalkulasi, vekta, mekanika, thermodinamiki na michoro. Injini wataiona, lakini baadaye, na wakishaiona wataulizwa joto linaloingia ni kiasi gani na kazi inayotoka ni kiasi gani. Aliyefuata mapenzi ya magari tu anaanza kufeli muhula wa kwanza, na kwa kuwa hapa ni Tanga, nyumbani wanaanza kuulizana nani kamfanyia.

Hebu tuangalie kitu ambacho mtu wa huku anakijua. Korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, haiendi bila maji mengi, na maji hayaji bila pampu. Beringi ya pampu ikifa, fundi anaibadili, tena mafundi wetu wa mashamba ya mkonge wanaibadili vizuri kuliko mimi. Kuna wazee wanaoweka ncha ya bisibisi kwenye hausingi, sikio kwenye mpini, wakakwambia hii haimalizi wiki, na haimalizi. Huo ni ufundi, nauheshimu.

Lakini beringi ileile ikifa kila baada ya miezi michache, swali ni jingine. Fundi atasema beringi za siku hizi feki. Mara nyingine ni kweli, feki zimejaa. Mahali nilipoitwa mimi, shida ilianzia kwenye mkanda. Ulikuwa ukiteleza, wakaukaza. Ukateleza tena, wakaukaza tena. Mkanda wa V, yaani wenye umbo la V, unashika kwa kubana kuta mbili za mfereji wa puli, lile gurudumu linalozungushwa nao. Haupaswi kugusa chini. Kuta zikishaliwa, mkanda unazama na kukalia sakafu ya mfereji. Dalili yake huhitaji chombo kuiona: chini ya mfereji kunang'aa, mahali ambapo pangepaswa kuwa na vumbi na kutu. Hapo ukaze uwezavyo, utateleza tu, na kila unapokaza unaivutia beringi mzigo ambao haikununuliwa kuubeba.

Sasa ndipo hesabu zinapoingia. Maisha ya beringi ya gololi unayapata kwa kugawa uwezo wake, ambao mtengenezaji ameuandika kwenye katalogi, kwa mzigo inaoubeba, kisha jibu unalipandisha kipeo cha tatu. Mzigo ukiwa mara mbili, maisha hayabaki nusu. Yanabaki sehemu moja ya nane. Beringi ya miezi 24 inakufa kwa miezi 3. Hata ukiongeza mzigo kwa robo tu, maisha yanabaki karibu nusu. Bei ya puli mpya, ukiiweka pembeni ya bei ya beringi za mwaka mzima na saa ambazo korona ilisimama majani ya mkonge yakinyauka uani, haina mjadala. Lakini meneja hasaini kwa sababu injinia kasema. Anasaini akiona hesabu.

Kijana anayezikimbia hesabu hafiki hapo. Atabadili beringi, na hiyo ni kazi ya halali yenye pesa, ila haihitaji miaka minne ya chuo kikuu. Chuo cha ufundi stadi, VETA, kipo hapahapa Tanga. Ninapowaambia hivyo wazazi wananuna, kana kwamba nimewatukania mtoto.

Au lione bomba la mafuta la Chongoleani, ambalo kila kijana mjini anataka kazi kwake. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, kipenyo inchi 24. Mafuta yale yana nta nyingi. Ukiyaacha yapoe kama hali ya hewa ya kawaida, yanaganda. Kwa hiyo bomba limevishwa kihami joto na kuwekewa mfumo wa kulipasha kwa umeme njia nzima, ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi za Sentigredi au zaidi. Mafuta yanapoteza joto kwa kasi inayotegemea yameuzidi udongo joto kwa kiasi gani, na kiasi hicho nacho kinabadilika kadiri mafuta yanavyosafiri. Kitu kinachobadilika kwa kutegemea kingine kinachobadilika: hiyo ndiyo kalkulasi mliyokariri kwa ajili ya mtihani. Joto litakalopotea njiani ni kiasi gani? Hakuna spana ya kulijibu swali hilo.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kujua kama mtoto anafaa, aachane na feni. Amuulize mtoto: ulipoifungua, ulitaka kujua nini? Akisema "nilitaka kuona ndani," bado. Akisema alitaka kujua kwa nini ikiwekwa kasi ya chini inavuma zaidi, huyo mleteni tuongee. Na kabla ya kuja, angalieni vyeti. Vyuo vinatazama kwanza Fizikia na Hisabati ya Juu za kidato cha sita. Mtoto aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na BAM, ile hesabu ya msingi, asidhani BAM itachukua nafasi ya Hisabati ya Juu. Haichukui, na hakuna mjomba serikalini wa kuibadili.

Jingine linaloniudhi ni barua za kuomba ufadhili. Naletewa nizipitie, na karibu zote zinaanza na "Tangu utotoni nimekuwa nikipenda mashine." Msomaji wa barua hizo kasoma mia za namna hiyo kabla ya chai. Kijana anayetoka Pongwe, anayeona moshi wa kiwanda cha saruji kila siku, ananiandikia habari za roketi! Andika mashine moja uliyoitazama kwa karibu, hata ya kukoboa mahindi ya jirani: inafanya nini, inaharibika wapi, na ni swali gani ulishindwa kulijibu kwa fizikia ya shule. Aya moja ya hivyo inatosha.

Mengine nayapitia haraka.

"Mtoto wa kike ataweza kazi ya kunyanyua vyuma?" Vyuma vinanyanyuliwa na winchi. Mimi sijawahi kunyanyua injini kwa mikono, na atakayejaribu mbele yangu namfukuza eneo la kazi, awe wa kiume au wa kike.

"Siku hizi kompyuta inachora na kukokotoa yenyewe." Inakokotoa ulichoiambia. Ukiingiza mzigo kwa kilo mahali panapotakiwa nyutoni, itakupa picha nzuri ya rangi rangi na jibu lililokosewa karibu mara kumi, bila kuona haya. Anayejua kukadiria kwa kalamu ataligundua palepale.

Ndiyo maana, na hapa wengi wananiona mzee wa zamani, sishauri kuanza na kompyuta mpakato. Kati ya kutoka JKT na chuo kufunguliwa kuna muda wa kukaa barazani bure. Nunua penseli, rula na venia kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na vipenyo. Chukua koki ya maji mbovu, ifungue, pima kila kipande, kichore kutoka mbele, juu na ubavuni, kwa vipimo. Kisha mpe mtu mchoro bila kumpa kipande, umuulize anaona nini. Ukishafanya hivyo kwa vitu kadhaa, somo la michoro linalowaliza wenzako mwaka wa kwanza utalipita ukipiga mluzi. Na urudie trigonometria. Nashangaa watu wanaofika chuoni wakiwa wameisahau.

"Diploma ni ya waliofeli." Huyu simjibu kwa upole. Mtoto wa kidato cha nne mwenye fizikia na hesabu nzuri anaweza kwenda Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha, akasoma diploma miaka mitatu, kisha akaingia shahada akiwa tayari ameshika mashine ya kereza na amechomelea. Wenzake waliopitia kidato cha sita wanamzidi kalkulasi mwanzoni, hilo ni kweli, na lazima ajipange nalo mapema. Kwenye karakana hawamwoni hata mgongo.

"Akimaliza chuo tayari ni injinia." Akimaliza ana shahada. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, na Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997. Mhitimu anasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, anafanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi aliyesajiliwa kwa miaka mitatu hivi, anaandika ripoti, anahojiwa, ndipo anapanda kuwa mhandisi mtaalamu. Mafunzo ya vitendo ya likizo za chuoni hayahesabiwi kuwa ndiyo hayo. Vijana wanaohitimu na wiki hiyohiyo kuchapisha kadi zenye "Mha." mbele ya jina, wazirudishe kabatini kwanza.