Chaja ya gari ni nini hasa, na mbona simu inapata moto hivyo?

Wengi tunaichukulia chaja ya gari kama plagi tu, unachomeka kwenye lile tundu la kuwashia sigara, unaunga waya, alama ya chaji inatokea, basi safari inaendelea. Sasa kile kidude kina kazi nzito kuliko kinavyoonekana na ukiielewa hiyo kazi utaacha kuokota chaja yoyote tu.

Iko hivi. Betri ya gari dogo ni volti 12, malori mengi ni 24, na injini ikiwa inaunguruma alteneta, yani kile kifaa kinachozalisha umeme wa gari, inapandisha ile 12 mpaka kwenye 14 hivi. Waya wa kawaida wa USB unatakiwa upeleke volti 5 kwenye simu. Kwa hiyo chaja ya gari maana yake ni kishushio, inapokea umeme mwingi usiotulia upande mmoja, inatoa mdogo uliotulia upande wa pili. Na nasema usiotulia kwa sababu ukipiga stata umeme wa gari unaporomoka, wakati mwingine hata chini ya 10, alafu injini ikishika unaruka juu ghafla. Chaja nzuri inayameza hayo yote simu isijue kitu, mbovu inayapitisha. Ndo maana mimi nawasha gari kwanza ndo nachomeka simu.

Nilikuwa na chaja moja mbovu hivyo, nyepesi kama ganda la njugu, dakika ishirini tu huwezi kuishika kwa moto na gari zima linanuka plastiki. Nikaifungua. Ndani hakuna fyuzi, hakuna ulinzi wowote, waya mbili na kipande cha saketi kidogo kuliko ukucha. Na hiyo ndo nilikuwa nachajia simu ya mtoto siti ya nyuma, mpaka leo nikikumbuka naumia.

Haya, volti na ampea watu wanazichanganya sana. Volti ni ule msukumo, ampea ni kiasi kinachopita, ukizidisha unapata wati. Chaja ikiandikwa 5V 2.4A hiyo ni wati 12, lakini haimaanishi inaisukumia simu wati zote 12 kwa nguvu, simu inavuta kile inachohitaji tu. Kwa hiyo ile hofu kwamba chaja ya ampea nyingi itaunguza simu ndogo haina msingi, ilimradi chaja yenyewe ni ya maana. Hata zile za chaji ya haraka zinazopanda mpaka volti 9, simu na chaja zinaulizana kwanza, zisipoelewana inabaki 5 ile ile.

Tatizo la kweli ni kinyume chake, ampea kuwa chache. Tundu la USB la kwenye redio ya gari mara nyingi linatoa nusu ampea, yani wati 2.5, na tableti inataka kama 10 au 12. Unaweka ramani, skrini inawaka safari nzima, alama ya chaji ipo na bado asilimia zinashuka, mtu anaanza kusema betri imekufa. Haijafa, inatumia kuliko inavyopewa.

Alafu joto. Betri za lithiamu hazipendi joto na kuchaji kwenyewe kunaongeza joto, sasa we umeibandika simu juu ya dashibodi jua linapiga kwenye kioo, ramani iko hewani, kava nene juu yake. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike hewa ikiwa kati ya nyuzi 0 na 35, na dashibodi juani inapita hapo mbali sana. Simu ikigoma kuchaji wakati huo usiilazimishe, inajilinda. Toa kava, ishushe kivulini, isubiri ipoe. Na ukishuka usiiache kwenye gari lililofungwa.

Kuhusu kumaliza betri ya gari, simu moja wala sio tishio, ya 5000mAh inabeba kama wati-saa 19 (wati-saa ni kipimo cha umeme uliohifadhiwa) na betri ya gari ya 45Ah ina zaidi ya 500. Ila matundu mengine yanabaki na umeme hata ukizima gari, hivyo kama linakaa siku nyingi bila kuwashwa chomoa vyote.

Na tundu likifa ghafla angalia fyuzi yake kwanza, nyingi ni za ampea 10, 15 au 20. Rudisha namba ile ile iliyokuwepo, tafadhali sana usiweke kubwa zaidi wala usizungushie ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, maana hapo kinachoungua sio fyuzi tena, ni waya wa ndani ya dashibodi ambao huuoni.