Mgombea binafsi anawezaje kuwa gavana wa Maine?

Marekani ni nchi ya vyama viwili. Asiye na chama akigombea ugavana, mara nyingi huambulia asilimia chache tu. Lakini Maine, jimbo dogo la kaskazini mashariki, limewachagua wawili: James Longley mwaka 1974 na Angus King mwaka 1994, aliyerudishwa tena 1998. Kwa nini huko?

Wenyeji husifika kwa ubishi, na huenda umechangia. Mimi naona jibu limo zaidi kwenye karatasi ya kura.

Zamani, juu ya safu ya kila chama palikuwa na kisanduku kikubwa. Ukikitia alama, umewapigia wagombea wote wa chama hicho kwa mpigo, kuanzia gavana kushuka chini. Mgombea binafsi hana kundi la kubebana nalo. Mwaka 1972 wananchi wakakifuta kwa kura ya maoni. Uchaguzi wa ugavana uliofuata, Longley, mtu wa biashara ya bima, akawabwaga wagombea wa vyama vyote viwili, akiwemo George Mitchell, yule aliyekuja kusimamia mazungumzo ya amani ya Ireland Kaskazini.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Uchaguzi wa 1879 ulizua mzozo mkubwa, hadi watu wenye silaha wakajaa mji mkuu, Augusta. Wakati huo gavana alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura. Akikosekana, bunge la jimbo ndilo linaamua. Mwaka 1880 katiba ikarekebishwa: anayeongoza ndiye mshindi, basi. Ndiyo maana King aliingia ikulu kwa asilimia 35 hivi. Jirani zao wa Vermont bado wanadai nusu, na hapo bunge lililojaa watu wa vyama lingemfikiria mara mbili.

Mlango huo huo hufungia wengine nje. Mwaka 2010 Eliot Cutler, mgombea binafsi, alipata karibu asilimia 36, akapitwa kidogo tu na Paul LePage wa Republican. Waliomlaumu kwa kugawa kura walikuwa wengi, ingawa mgombea wa Democratic alikuwa wa tatu, mbali nyuma yake. Mwaka 2016 wapiga kura wakapitisha utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu: chaguo lako la kwanza likitolewa, kura yako inahamia kwa linalofuata. Majaji wa mahakama ya juu ya jimbo wakasema mwaka 2017 kwamba kwa uchaguzi mkuu wa gavana unagongana na katiba, ile inayosema anayeongoza ndiye mshindi. Kwa hiyo seneta wa kwenda Washington anapangwa kwa namba. Gavana bado ni alama moja.