Kifaa cha kuzuia pumzi kukatika usingizini: yasemwayo na yalivyo

Anayekoroma mpaka pumzi inakatika, kisha akashtuka kama aliyeibuka majini, hachelewi kusikia habari za kifaa kinachopandikizwa kifuani. Na huzisikia zikiwa zimetiwa chumvi.

"Kinakupumulia." La. Mapafu hayana kosa. Kosa liko kooni. Usingizi ukikolea, misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma na njia ya hewa inaziba. Kifaa hukaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya wake hupenya hadi kwenye neva inayoamuru ulimi. Umeme kidogo unausogeza ulimi mbele, basi. Hewa unaivuta mwenyewe.

"Utapigwa shoti usiku kucha." Nani angelala? Hakiwashwi siku ya upasuaji. Husubiri kama mwezi mmoja kidonda kipone, kisha nguvu yake hupandishwa polepole. Ukipanda kitandani unabonyeza rimoti, nacho kinakupa muda usinzie kwanza. Unachohisi ni ulimi kusogea au kukakamaa. Kero ipo, ila si hiyo ya shoti: wapo wanaochubuka ulimi kwa kusuguana na meno ya chini.

"Kinamfaa kila aliyeshindwa na barakoa ya CPAP," yaani ile mashine inayosukuma hewa kooni usiku. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Kwanza mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, kamera nyembamba ikapitishwa puani kuangalia koo linajifungaje. Likijibana pande zote kwa pamoja nyuma ya kaakaa laini (sehemu laini ya nyuma ya paa la kinywa), kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba, kwa kawaida huambiwa hapana. Uzito nao hutazamwa. Na kama ni ubongo ndio unaoacha kuamuru pumzi, kusukuma ulimi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Wengine hukichanganya na vile vijiti vitatu vya poliesta vinavyochomekwa kwenye kaakaa laini ili lisitikisike. Hivyo havina betri wala waya, na sifa yake kubwa ni kupunguza kukoroma.

Imebaki dhana ninayoiona mbaya kuliko zote: "ukipandikizwa umepona." Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, mwaka kifaa kilipoidhinishwa Marekani, ulifuatilia watu 126. Baada ya miezi 12, vipindi vya pumzi kukatika au kupungua vilishuka kutoka 29.3 kwa saa hadi 9.0 kwa mtu wa katikati ya kundi. Ni nafuu kubwa, lakini 9 si sufuri, na wapo ambao hawakufaidika. Betri nayo hudumu takriban miaka 11, kisha unarudi kwa daktari wa upasuaji kubadilishiwa. Katika utafiti huohuo, watu 23 waliokuwa wamepata nafuu walizimiwa kifaa kwa wiki moja tu. Wastani wao wa vipindi hivyo kwa saa ukapanda kutoka 7.6 hadi 25.8.