Je, Wajua Kwa Nini Mgonjwa wa Saratani Aliyechoka Huambiwa Atembee?

Kila mwaka Wakenya zaidi ya 40,000 huambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana saratani, na wengi wao hujikuta Nairobi wakifuata kemo (dawa za kuua chembe za saratani) na mionzi. Kama si Hospitali ya Kenyatta, basi ni ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, au hospitali za kibinafsi kwa wenye bima. Anayetoka mbali hufikia kwa mwanawe au dada yake, Umoja ama Kayole, na akishafika tu, nyumba nzima inakuwa na sheria moja: asishike kitu.

"Mama, wewe kaa. Hiyo sufuria wacha, nitaosha mimi."

Ni mapenzi hayo, na siku mbili tatu baada ya kemo, mgonjwa anapotapika na kushindwa hata kunywa uji, ndiyo huduma anayohitaji. Tatizo linaanza siku hizo tatu zikigeuka miezi sita. Hapo ndipo daktari anapomwambia mgonjwa, mbele ya jamaa walioduwaa, kwamba aanze kutembea. Kwa nini umwambie mtu aliyechoka ajichoshe zaidi?

Jibu liko kwenye uchovu wenyewe. Ukitoka kufua nguo za wiki nzima umechoka, utalala na asubuhi utakuwa sawa. Uchovu wa saratani hausikii usingizi. Mtu analala kwa muda wa saa kumi na kuamka mwili ukiwa mzito vilevile. Kemo hupunguza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgonjwa aliyetoka Kilifi anaweza kuhema kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza. Pia saratani na tiba yake huuchochea mwili kutoa kemikali zinazofika hadi kwenye ubongo na kumlegeza mtu, vile homa inavyolegeza. Tena kuna deksamethasone, dawa inayotolewa sana kuzuia kichefuchefu: ikitumiwa kwa muda mrefu, hula nguvu za misuli ya mapaja. Ndiyo maana utamwona mgonjwa akishindwa kuinuka kwenye kochi mpaka ajisukume kwa mikono.

Sasa juu ya hayo yote, ongeza kulala. Mwaka 1966, watafiti wa Dallas, Marekani, waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya kwa wiki tatu. Miaka 30 baadaye waliwapima tena, na ikabainika kwamba zile wiki tatu zilikuwa zimepunguza uwezo wa miili yao kutumia oksijeni kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hao walikuwa na umri wa miaka 20 na hawakuwa na ugonjwa wowote. Mama wa miaka 58 aliye katikati ya kemo ana akiba ndogo zaidi ya kupoteza. Misuli isiyotumika hupungua, moyo nao huzoea kazi kidogo, kisha kwenda chooni tu kunamchosha, na akichoka analala tena. Mazoezi ndiyo yanayoukata mzunguko huo.

Mwaka 2017, watafiti waliokusanya tafiti 113 zenye washiriki zaidi ya 11,000 waligundua kwamba mazoezi na ushauri nasaha vilipunguza uchovu wa saratani kuliko dawa zilizojaribiwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2019, jopo la wataalamu wa kimataifa likataja kiwango: dakika 30 za mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu mara mbili. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Anayetoka kitandani leo haanzi na dakika 30. Dakika tano, kutoka mlangoni hadi geti la ploti na kurudi, ni mazoezi.

Zoezi la misuli ninalolipenda zaidi halihitaji jimu. Chukua kiti kigumu cha mezani, kiegemeze ukutani kisiteleze. Keti, nyayo zikanyage sakafu, mikono ikunjwe kifuani. Inuka polepole mpaka usimame wima, kisha rudi chini polepole zaidi, bila kujiangusha. Huko kushuka ndiko kunakofanyisha mapaja kazi. Mara tano zikiwa rahisi, fanya nane. Baada ya wiki kadhaa mgonjwa anaweza kwenda chooni bila kuita mtu, na sijui zawadi inayompita hiyo mtu aliyekuwa akioshwa na wanawe.

Wanawake waliokatwa titi wana hofu yao ya pekee. Tezi za kwapani zikiondolewa, mkono unaweza kuvimba, kwa hiyo kwa miaka mingi waliambiwa wasinyanyue chochote, hata mjukuu. Mwaka 1996, daktari Don McKenzie wa Vancouver, Kanada, aliwaingiza wanawake 24 wa aina hiyo kwenye mashua ndefu wakapiga makasia, na mikono haikuharibika kama ilivyohofiwa. Mwaka 2009 ukaja utafiti wa Kathryn Schmitz huko Marekani, wenye wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa imevimba. Kati ya walionyanyua uzito kidogokidogo, asilimia 14 walipata vipindi vya kuzidiwa na uvimbe. Wasionyanyua, asilimia 29. Muhimu ni kuanza na uzito mdogo sana, chupa ya maji ya nusu lita kwa mfano, na kusimama mkono ukianza kuwa mzito au kubana.

Kuhusu moyo na akili, lile jopo la 2019 liliona ushahidi wa kutosha kwamba mazoezi hupunguza wasiwasi na dalili za sonona. Mimi naongeza jambo ambalo mtu yeyote aliyeuguza Nairobi amelishuhudia. Wageni wanakuja Jumapili, wanajipanga kwenye makochi, wanasema ugua pole, kisha wanamwangalia mgonjwa. Anachoka kwa kuangaliwa. Lakini mwambie shangazi, "Twende tutembee kidogo," na mkifika barabarani mnatazama mbele wote wawili. Hapo ndipo anaposema kwamba anaogopa picha ya CT ya wiki ijayo, au kwamba kupoteza nywele kulimuuma kuliko kupoteza titi. Ukiwa na nauli na pesa ya kiingilio, mpeleke Karura, msitu alioupigania Wangari Maathai, ambaye alifariki kwa saratani ya ovari Septemba 2011. Ukikosa, mzunguko wa mtaa saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya matatu kujaa, unatosha.

Je, mazoezi yanaweza kuizuia saratani isirudi? Kwa saratani ya utumbo mpana, kuna jibu zito. Utafiti uliotolewa mwaka 2025, uliofanyika zaidi Kanada na Australia, uliwafuata watu 889 waliomaliza upasuaji na kemo. Nusu walipewa vijitabu vya afya. Nusu walipewa mkufunzi kwa miaka mitatu, wengi wakitembea kwa haraka. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai ni asilimia 90 ya wenye mkufunzi na asilimia 83 ya wenzao. Hao walikuwa wamemaliza tiba kwanza. Anayekuuzia mazoezi, au juisi, badala ya kemo anakuibia uhai.

Yako mambo ya kuchunga. Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa kemo ni ya kukimbizwa hospitali, wala si ya kutolewa jasho. Saratani iliyofika kwenye mifupa inahitaji daktari aseme ni mifupa ipi isibebeshwe uzito. Kemo ile nyekundu (doksorubisini) inaweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo maumivu ya kifua au kuhema kusiko kwa kawaida ni sababu ya kusimama papo hapo. Mwenye mfuko wa choo tumboni asinyanyue kizito kabla ya idhini ya aliyempasua. Dawa za kemo kama paklitaxeli hutia ganzi nyayo, na kabro za Nairobi zilizong'oka pamoja na mitaro isiyofunikwa vinamsubiri asiyehisi anachokanyaga: avae raba zilizofungwa vizuri, si ndala. Hospitali kubwa za jiji zina idara ya fiziotherapia, ila mara nyingi mgonjwa wa saratani hapelekwi huko mpaka aombe. Siku ya kliniki, omba barua ya kukupeleka, na ubebe orodha ya dawa zako zote.