Mtoto mchanga mwenye tumbo lililobonyea si mtoto wa njaa

Juzi nimeyasikia tena, mlangoni pa chumba cha watoto wachanga hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo: "Dokta, mama yake hakuwa anakula, ndiyo maana tumbo la mtoto limeshikana na mgongo." Msemaji ni nyanya wa mtoto, mama wa Kadutu, na maneno hayo alipewa kituoni walikotoka. Mkwe wake alikuwa ameegemea ukuta, analia. Amezaa asubuhi, na jioni ameshabebeshwa kosa. Hilo ndilo linaloniumiza.

Mtoto alikuwa na kilo 3 na gramu 100. Mashavu yamejaa, mapaja yamejaa. Njaa gani itakula tumbo na kuacha mashavu?

Kwa mtu mzima nakubali. Akilala chali, mbavu na nyonga zikatokeza na tumbo likawa kama bakuli, amekonda kwa wiki au miezi: kifua kikuu, saratani ya umio, au njaa yenyewe. Lakini sisi wa Kivu tunaijua kwashiorkor, utapiamlo mkali wa watoto. Mtoto wa utapiamlo mara nyingi huja na tumbo lililovimba.

Kwa mtoto aliyezaliwa leo, acheni kuutazama ukuta wa tumbo kana kwamba una kilema. Ukuta ni mzima, umelegea kwa sababu ndani hakuna cha kuujaza. Ulizeni: matumbo yako wapi? Yako kifuani. Huu ni ugonjwa wa ngiri ya kiwambo. Kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hukamilika kufunga kati ya wiki ya 8 na ya 10 ya mimba. Kikiacha tundu, mara nyingi nyuma upande wa kushoto, pale alipopaeleza mwanaanatomia Bochdalek wa Prague mwaka 1848, utumbo na wengu hupanda juu, na pafu linabanwa likiwa bado linakua. Ugonjwa huu humpata mtoto mmoja hivi katika kila 3,000. Mama kulala njaa hakutoboi kiwambo cha mtoto.

Sasa ambu, ule mfuko wa kuminya wa kumpumulisha mgonjwa kwa barakoa. Mtoto yule alikuwa ameminyiwa ambu njia nzima, kwa nia njema kabisa. Kila mminyo unaingiza hewa kwenye pafu dogo, na nyingine inashuka kwenye mfuko wa chakula, ambao nao uko kifuani. Unavimba, unalibana pafu, unausukuma moyo. Mapigo yake niliyasikia kulia kwa kifua. Tulipitisha sonda, mpira mwembamba unaofika kwenye mfuko wa chakula, mdomoni, tukavuta kwa bomba la sindano: hewa, hewa, tena hewa, na midomo ya buluu ikaanza kupata wekundu. Picha ya eksirei ilionyesha mikunjo ya utumbo mpaka karibu na kwapa.

Vitabu vinasema: ambu hapana, weka mara moja mpira wa kupumulia, unaopita kooni hadi kwenye njia ya hewa. Je, kituo kisicho na vifaa hivyo, usiku, na mtoto hapumui? Hapo mimi huwaambia wauguzi watangulize sonda, kisha waminye polepole, kidogo iwezekanavyo. Siwezi kuapa kwamba ndiyo njia sahihi. Kumwacha bila pumzi siwezi. Vitabu vinasema pia utasikia utumbo ukinguruma kifuani. Kwa kelele za oksijeni na kilio, ni mara chache nimeiamini dalili hiyo. Na tumbo la kawaida halimtoi mtoto kwenye hatari, maana wengine halibonyei kabisa.

Upasuaji wa kuziba tundu haufanywi mara tu mtoto anapofika. Kwanza mapafu na moyo vitulie, hata ikichukua siku kadhaa.

Wenzangu wa vituoni, njiani mlazeni ubavu, upande wenye tundu ukiwa chini, kichwa kimeinuka, sonda iwe wazi, asipewe maziwa. Na kwenye karatasi ya rufaa msiandike "utapiamlo". Andikeni mlichokiona: tumbo limebonyea, anapumua kwa shida. Nikiyasoma hayo kwenye simu, nitakuwa nimeshatayarisha mpira wa kooni kabla gari halijafika getini.